Kwa nini nisichokipanda ndicho kinachostawi? Boga la nyuma ya bafu, Isyesye Mbeya

#1 Mama Isyesye
Wakuu habari za jioni. Naombeni tusaidiane, maana jambo hili limenikaa kichwani wiki nzima.

Nina bustani ndogo mbele ya nyumba, matuta manne: chainizi, sukuma wiki, hoho na karoti. Nimeilea kama mtoto. Samadi nimenunua, mbegu nimenunua za kopo, na kabla mvua hazijaanza nilimwagilia asubuhi na jioni. Matokeo yake hoho zimegoma kwenye urefu wa kiganja tangu Desemba, na sukuma wiki majani ya chini yamekuwa ya njano.

Sasa nyuma ya nyumba, pale bomba la bafu linapomwaga maji, limejiotea boga. Hakuna aliyelipanda. Liliibuka Novemba na mvua za kwanza, nikaliacha kwa sababu sikuwa na muda nalo. Leo tarehe 20 Januari limepanda ukuta, limefika juu ya bati, limevuka na kuanza kushuka upande wa pili. Jani moja linafunika sinia. Mume wangu amehesabu maboga saba, na yaliyo juu ya bati hatuyaoni vizuri. Pembeni yake kuna nyanya ndogondogo za kienyeji, mnafu unanifika kiunoni, na mashona nguo ndiyo usiseme.

Swali langu ni moja. Kwa nini nilichokihangaikia kimedumaa, na nisichokigusa kinastawi hivi? Ni maji ya bafu, ni udongo, au kuna kitu nakosea?

#2 Kijana wa Kabwe
Nakaa pale nasubiri wajuzi. Ila na mimi ninalo la kwangu: kwetu Ilomba mfyulisi umejiotea kwenye ufa wa zege na unazaa. Wa kupanda umekufa mara mbili.

#3 Fundi Bomba
Ni maji, mama. Boga linakunywa sana. Nyumba ya watu watano inamwaga ndoo ngapi bafuni kwa siku? Oktoba, wakati kila kitu Mbeya kimekauka, pale nyuma ya bafu pana unyevu.

Nimefanya kazi ya mabomba miaka 15. Nikiitwa kutafuta bomba lililopasuka chini ya ardhi, kabla sijashika chepeo nazunguka kwanza naangalia nyasi. Palipo na kijani cha peke yake ndipo ninapochimba, na mara nyingi sikosei.

#4 Binti Tukuyu
Fundi #3, sikubaliani. Kama ni maji, sisi huku Rungwe tungekuwa tumeshamaliza kazi. Tukuyu tunapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, maji hatuna shida nayo, na bado chainizi yangu inanisumbua huku kongwa inanishinda nguvu. Naing'oa Jumamosi, naitupa njiani. Jumamosi inayofuata imeota hapo hapo njiani na imetoa maua ya bluu.

#5 Mwana wa Mwanjelwa
Bibi yangu alikuwa akisema boga likijiotea nyumbani ni baraka, usilikate. Sina la kuongeza. Ila majani yake machanga na karanga, ugali wa moto... nakuja Isyesye.

#6 Ugani Mstaafu
Habari zenu. Nimekuwa afisa ugani miaka mingi nyanda hizi, na swali hili nimeulizwa kila msimu.

Mama, anza na kuhesabu mbegu. Boga moja lina mamia ya mbegu. Mwaka mzima unapasua maboga, unaosha, unamwaga maji uani. Labda mbegu 300 zimeanguka kwenye kiwanja chako. Nyingine zimeangukia kwenye kokoto, nyingine zimeliwa na kuku na panya, nyingine zimeoza, nyingine zimeota wewe ukazifagia. Moja imeangukia penye unyevu, penye rutuba, penye ukuta wa kuegemea unaohifadhi joto la mchana. Hiyo moja ndiyo unayoiona leo. Kwenye tuta la hoho hali ni nyingine kabisa: umechukua miche 40 ukailazimisha yote ikae mahali ulipopachagua wewe. Unamlinganisha mshindi mmoja wa mbio za watu 300 na darasa zima.

La pili, boga lile halijawahi kuhamishwa. Mbegu imeota hapo, mzizi mkuu ukashuka moja kwa moja. Hoho zako zimetoka kitaluni, mizizi ikakatika, zikakaa wiki mbili zinajiuguza.

La tatu, hoho inapenda joto. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 inazubaa, na Isyesye usiku wake unaujua. Hapo hujakosea wewe, ni zao na mahali.

Sukuma wiki kuwa njano kuanzia majani ya chini, hiyo ni njaa ya naitrojeni, kile chakula cha mmea kinachokuza majani. Naomba unijibu: samadi uliyonunua ni ya nini, na ilikuwaje kwa kuitazama?

#7 Mama Isyesye
Shikamoo mzee #6, nashukuru sana. Samadi ni ya kuku, magunia matatu. Yalikuwa mepesi. Ndani kulikuwa na maranda ya mbao mengi, na bado yalikuwa na rangi yake ya mbao. Muuzaji aliniambia iko tayari.

#8 Ugani Mstaafu
Marahaba. Basi jibu la sukuma wiki tumelipata. Maranda yakiwa hayajaoza, vijidudu vinavyoyaozesha vinachukua naitrojeni iliyo kwenye udongo ili vifanye kazi yao. Mboga zako zinashindana navyo na zinashindwa. Hayo magunia yalihitaji kulundikwa, kuloweshwa na kugeuzwa miezi kadhaa. Usiyafukie zaidi. Yatandaze juu tu kama matandazo, na uongeze majani mabichi.

#9 Mzee wa Kihesa
Kamwene. Mimi naona wote mnaangalia juu ya ardhi. Ulizeni kiwanja kilikuwa nini zamani.

Shamba letu lina sehemu, kama chumba kikubwa hivi, ambapo mahindi kila mwaka yanatoka ya kijani cha kuiva na marefu kuliko mengine. Mgeni akipita anafikiri tumeweka mbolea pale tu. Hapo lilikuwa zizi la baba yangu. Ng'ombe wa mwisho waliondoka mwaka 1988. Miaka yote hii, na ardhi bado haijasahau. Mama, waulize waliokuuzia.

#10 Mwalimu wa Baiolojia
Naunga mkono #9, na nina la kuongeza. Kule Narok, Kenya, watafiti walichunguza madoa ya nyasi nzuri yaliyo katikati ya mbuga, wakakuta ni mazizi ya wafugaji wa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Samadi ile imeacha fosforasi, naitrojeni na kalisi mpaka leo, na wanyama pori wanafuata nyasi zile. Kwa hiyo miaka ya tangu 1988 ni michache, mzee.

#11 Mama Isyesye
Mzee wa Kihesa, nimeuliza. Jirani ambaye ni mwenyeji wa hapa anasema zizi halikuwepo, palikuwa shamba la mahindi. Lakini ameniambia kitu kingine ambacho mimi mwenyewe nilikisahau. Tulipojenga mwaka 2021, mafundi walichimba choo chao cha muda pale pale nyuma. Walipomaliza wakakifukia.

#12 Kijana wa Kabwe
Kumbe zile nyanya ni za mafundi!

#13 Fundi Bomba
Kijana #12 umecheka lakini umesema kweli. Mbegu ya nyanya inapita tumboni mwa mtu na kutoka nzima. Penye mabwawa ya majitaka nyanya zinajiotea zenyewe kila mwaka, nimeziona kwa macho yangu. Mafundi chakula chao cha mchana ni ugali na kachumbari. Mengine malizieni wenyewe.

Ila mama, kwa usalama, nyanya hizo na mboga yoyote ya kula mbichi iliyogusana na maji yale usiile. Boga lililo juu ya bati halina shida, linapikwa na liko mbali na maji.

#14 Binti Tukuyu
Choo kilifukiwa mwaka 2021, sasa mbona boga limeota safari hii? Miaka yote ya katikati lilikuwa wapi?

#15 Mwalimu wa Baiolojia
Dada #14, hapo umegusa penyewe. Udongo ni ghala la mbegu. Zimo ndani zimelala, zinasubiri ishara. Kuna mbegu zinazosubiri joto, nyingine maji mengi, nyingine mwanga. Magugu mengi yana mbegu ndogo sana ambazo zikipata mwanga hata wa kufumba na kufumbua zinaamka. Ndiyo maana ukilima leo, baada ya siku kumi tuta limejaa magugu hata kama hukuyaona kabla. Jembe limeyapandisha juu yakaona jua. Kuna wakulima Ulaya waliojaribu kulima usiku gizani ili mbegu zisiamke, na aina fulani za magugu zikapungua.

Na zinaweza kulala muda mrefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1879 mwanasayansi William Beal wa Michigan, Marekani, alijaza chupa 20 kwa mchanga na mbegu za magugu, akazifukia. Kila baada ya miaka kadhaa inafukuliwa moja. Mwaka 2021 walifukua nyingine, na mbegu zilizolala miaka 142 zikaota.

#16 Ugani Mstaafu
Mwalimu, mfano ni mzuri lakini kwa boga hautufikishi. Mbegu ya boga ni kubwa, ina mafuta, kwenye udongo wenye unyevu haikai miaka. Inaota au inaoza. Mbegu ya boga lile ilianguka mwaka uliopita au huu. Mnafu na mashona nguo, hao sawa, wanaweza kuwa wamelala.

#17 Mwalimu wa Baiolojia
Nimekubali, mzee. Kwa boga nilijumlisha.

#18 Wa Njombe Mjini
Mimi wa kwangu walilala kweli. Nilinunua kiwanja kilichokuwa na miwati, wenyewe wakaikata, wakang'oa na visiki. Nikaona pako safi. Nikakusanya matawi nikachoma moto ili nianze kupanda viazi. Mvua ya kwanza iliponyesha, pale palipochomwa pakatoka miche ya miwati kama mtu kasia mchicha. Nilihesabu kwenye hatua moja ya mraba nikaacha nilipofika mia mbili.

Nikaja kuelimishwa kwamba mbegu ya muwati ina ganda gumu, haipitishi maji, inaweza kukaa ardhini miaka hata 50, na moto ndio unaoifungua. Mti wenyewe kwao ni Australia, ambako misitu inaungua mara kwa mara. Kwa hiyo mimi kwa mkono wangu ndiye niliyeita. Sasa huu ni mwaka wa tatu naing'oa michanga kwa mkono, na kila mwaka inapungua kidogo. Ndugu zangu wa Njombe na Makete, kiwanja kikiwa kilikuwa na miwati, msichome.

#19 Mama wa Mafinga
Pole sana #18. Huku Mafinga shida yetu ni yale majani matatumatatu yenye umbo la moyo, ukitafuna ni machachu, watoto wanayapenda. Ukichimba unakuta kitunguu kidogo chini, na kimezungukwa na vidogo vingine kama punje. Jembe linavitawanya. Tuta ambalo nimelichimba sana ndilo lenye mengi. Tuta la kitunguu swaumu ambalo natandaza nyasi na sichimbi, yamepungua.

Na mimi niulize la boga: langu lina majani mazuri kama la mama mleta uzi, maua yamejaa, lakini boga hata moja. Kwa nini?

#20 Ugani Mstaafu
Mama wa Mafinga, ua la boga ni la aina mbili. Ua dume lina kikonyo chembamba na kirefu. Ua jike limekalia kiboga kidogo tangu halijafunguka. Mmea unaanza kutoa maua dume, wiki mbili tatu ndipo yanakuja majike. Ukiona ni madume tupu, subiri. Ukiona majike yapo lakini vile viboga vinageuka njano na kuanguka, nyuki hawakuja. Mvua za asubuhi mfululizo zinawazuia nyuki, na ua linafunguka asubuhi moja tu. Ifikapo saa nne au tano linajifunga.

Fanya hivi: alfajiri jua likichomoza, chuma ua dume lililofunguka, vua petali zake, ule unga wa njano upake katikati ya ua jike. Ua dume moja linatosha majike mawili au matatu. Na kama umeweka samadi nyingi sana, mmea utakimbilia majani. Ukate ncha za matawi upungue mwendo.

#21 Mama wa Mafinga
Asante sana mzee. Kesho alfajiri niko bustanini.

#22 Mkazi wa Uyole
Niingie na onyo, maana limenikuta. Boga la kujiotea si la kuamini moja kwa moja. Mwaka juzi lilijiotea moja kwenye shimo letu la takataka, likazaa vizuri, mke wangu akapika. Lilikuwa chungu. Watoto wakalalamika, mimi nikawaambia waache kudeka, wale. Usiku ule wote tuliumwa tumbo, tukatapika, mtoto mdogo tukampeleka hospitali. Mpaka leo nikikumbuka kwamba niliwalazimisha roho inaniuma.

Baadaye nikaambiwa lilikuwa limechanganyika na kibuyu, kwa sababu jirani alikuwa na vibuyu kwenye uzio.

#23 Ugani Mstaafu
Pole sana ndugu #22, na ahsante kwa kulisema wazi. Sahihisho moja tu ili watu wasiwaonee jirani zao wa vibuyu. Kibuyu na boga ni ukoo mmoja mpana lakini haviwezi kuzaana. Boga linachanganyika na boga la jamii yake, yakiwemo yale madogo ya mapambo yenye rangirangi, ambayo ni machungu. Na mchanganyiko hauonekani kwenye boga la mwaka huo. Tunda linafuata mama yake. Mbegu zake ndizo zilizobeba damu ya baba, na ukizipanda, au zikijiotea, ndipo uchungu unatokea. Wakati mwingine uchungu unarudi hivi hivi bila baba wa nje.

Uchungu huo ni sumu, na hauondoki kwa kupika. Kanuni: kabla hujalipika boga la kujiotea, kata kipande kidogo kibichi, gusa kwa ulimi. Likiwa chungu, tema, tupa lote, na mbegu zake usihifadhi. Mama Isyesye, fanya hivyo kwa kila boga.

#24 Mama Isyesye
Nimeandika kwenye karatasi nimebandika jikoni. Mkazi wa Uyole pole, usijilaumu, hukujua.

#25 Kijana wa Kabwe
Tukiwa hapa hapa, mwenye dawa ya ndago, lile gugu lenye viazi vidogo chini ya ardhi, aseme. Nimelima, nimechoma, nimefunika na nailoni nyeusi. Ndago imetoboa nailoni. Nasema imetoboa, ncha zimetoka juu kama sindano.

#26 Mwana wa Mwanjelwa
Ndago ni ya kuhama nyumba tu.

#27 Muuza Pembejeo
Glaifoseti. Piga ndago ikiwa inakua vizuri, ina majani ya kutosha, jua lipo, mvua isinyeshe saa sita zinazofuata. Dawa inashuka kutoka kwenye majani hadi kwenye viazi vyake vya chini. Ukipiga ikiwa imekauka unapoteza hela.

#28 Mzee wa Kihesa
Kijana #27, kwenye shamba tupu sawa. Kwa bustani ya nyumbani yenye matuta ya mita moja moja, upepo wa saa nane mchana unaipeleka dawa kwenye mboga. Na vile viazi vya ndago vimeungana kama shanga kwenye uzi. Ukikata uzi kwa jembe, kila shanga inaamka na kuwa mmea. Na iliyolala wakati unapiga dawa haipati kitu, baada ya wiki tatu inatoka.

Mimi niliishinda kwa jua. Julai na Agosti, udongo ukiwa mkavu, nilichimba na uma, si jembe, nikaviinua viazi vyote juu, nikaviacha vikauke kabisa. Kiazi cha ndago kikikauka kinakufa. Novemba nikapanda viazi vitamu vikafunika ardhi yote. Ndago haipendi kivuli. Misimu miwili, imebaki ya kuhesabu.

#29 Jirani wa Mahindi
Ya upepo ni kweli. Jirani yangu alipiga dawa ya magugu ya majani mapana kwenye mahindi yake, mahindi hayakudhurika, lakini nyanya zangu zilijikunja kama zimekamuliwa, na majani ya maharage yakawa kama vikombe. Alikuja kuniomba radhi, tukayamaliza. Nyanya hazikurudi.

#30 Binti Tukuyu
Narudi kwenye kongwa, maana hakuna aliyenijibu.

#31 Mwalimu wa Baiolojia
Samahani dada. Kongwa ina siri mbili. Ya kwanza, kila pingili ya shina inaweza kutoa mizizi, kwa hiyo ukiikata vipande kumi umepanda kongwa kumi. Ya pili wengi hawaijui: pamoja na maua ya bluu ya juu, ina maua mengine chini ya udongo, meupe, hayafunguki, yanajichavusha yenyewe na kuzaa mbegu huko huko chini. Hata ukikata maua yote ya juu, chini imeshazaa. Ing'oe na mizizi yake, usiiache ardhini hata njiani. Itundike kwenye uzio ikauke, au uwape sungura na nguruwe, wanaipenda sana.

#32 Binti Tukuyu
Ndaga fijo (asante sana) mwalimu! Nimetoka kuchimba sasa hivi, nimeyakuta hayo maua ya chini. Miaka yote napalilia sijawahi kuyaona. Nguruwe wa mama mkwe kuanzia leo watanenepa.

Ila niseme na hili. Bibi yangu magugu haya alikuwa hayaiti magugu. Majani machanga ya mashona nguo alikuwa anayachemsha na kuunga karanga, na mnafu ndiyo ilikuwa mboga ya wiki. Leo mnafu fungu moja sokoni unalipia hela, halafu nyumbani tunaung'oa tupande chainizi.

#33 Mkulima wa Parachichi, Rungwe
Kwangu kilichostawi bila kutarajia kilikuwa ndani ya kile nilichopanda. Nilinunua miche ya parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa, yaani Hass imeunganishwa juu ya shina la parachichi la kienyeji. Mmoja ukawapita wenzake wote, nikawa nautolea mfano kwa wageni. Mwaka wa nne ukazaa matunda makubwa ya kijani, laini, ya kienyeji. Kumbe Hass iliyobebeshwa juu ilikufa mapema, na kilichokua ni shina la chini. Nilikuwa napalilia na kumwagilia mti ambao sikuununua. Tangu hapo kila wiki napita na kisu, chipukizi lolote chini ya kovu la kubebeshea naliondoa.

Kwa hiyo mama, chenye nguvu si lazima kiwe ndicho unachokitaka.

#34 Mwana wa Mwanjelwa
Lakini parachichi la kienyeji tamu mkuu. Usiukate.

#35 Mkulima wa Parachichi, Rungwe
Sijaukata. Wajukuu wameukatalia.

#36 Mkazi wa Uyole
Kwa mama mleta uzi: kwa naitrojeni kata alizeti pori, ile yenye maua ya njano makubwa inayojiotea pembezoni mwa barabara. Majani yake makavu yana naitrojeni kama asilimia 3.5, na potashi nyingi. Katakata majani na ncha laini, fukia kwenye tuta wiki moja kabla ya kupanda. Kwao ni Meksiko, huku watu wanaifyeka na kuichoma. Mimi tangu niijue sijanunua mbolea ya kukuzia mboga. Usifukie mashina yenye maua yaliyokomaa, utajipandia.

#37 Fundi Bomba
Nimesoma kurasa zote. Mmesema choo, zizi, mbegu, mwanga, chavua. Bado nasema maji. Mama, hamisha lile bomba mita tatu, uone boga litakavyofanya.

#38 Mzee wa Kihesa
Asihamishe chochote, boga lina mimba.

#39 Mama Isyesye
Wakuu narudi na taarifa, ni Aprili sasa. Kwanza poleni kwa kimya.

Maboga yamefika kumi na moja, manne yalikuwa juu ya bati hatukuyaona. Kila moja nimeligusa kwa ulimi kwanza kama mzee #23 alivyosema, yote ni matamu. Mawili nimempa jirani aliyenikumbusha choo cha mafundi. Nyanya sikuzila. Sukuma wiki nilifukia alizeti pori na maranda nikayatoa juu, zimebadilika, majani mapya ni ya kijani. Hoho nimeziondoa, nimepanda figiri.

Bomba sikulihamisha, fundi nisamehe. Lakini nilichimba kidogo pale kwenye shina. Udongo ni mweusi, laini, umejaa nyungunyungu, na una majivu ya jikoni ambayo dada wa kazi alikuwa anamwaga pale bila mimi kujua. Kwa hiyo sasa na majivu yameingia kwenye orodha.

#40 Ugani Mstaafu
Majivu yana potashi na kalisi, yanapunguza uchachu wa udongo. Yanasaidia, ila kwa kiasi. Hongera sana mama.

#41 Binti Tukuyu
Nitunzie mbegu kumi tafadhali, nitazifuata.

#42 Ugani Mstaafu
Kumbuka nilichosema #23, binti. Kama kuna maboga mengine mtaani, zitakazoota hazitakuwa lazima kama hilo.

#43 Mama Isyesye
Dada #41 zako nimeshaanika. Za kwangu nimebakiza kumi pia. Tano nitazipanda kwenye tuta la mbele, kwa mashimo na samadi iliyooza kabisa. Tano nitazitupa tu nyuma ya bafu kama maji ya kuoshea vyombo. Novemba mvua zikianza nitaleta picha za pande zote mbili.